Faili ya Mfanyakazi Si Gazeti

Mama Masijala anajibu barua za wasomaji

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa waajiri. Kwa kawaida wanaoniandikia ni waliofutwa kazi bila kusikizwa au walionyimwa likizo. Safari hii ni wenye viwanda, wenye saluni, hata mama mmoja wa South B, na wote wanazunguka jambo lile lile: habari za mfanyakazi zikishaingia mikononi mwangu, naruhusiwa kuzifanyia nini? Nashuku kuna watu wamewatisha. Nawaona hao washauri wakipita Viwandani, mikoba kwapani, wakiuza folda nene kwa kila anayeshtuka akisikia faini za sheria ya data. Folda zenyewe hazina ubaya, ila hazisomwi na mtu. Mimi nilikaa kwenye masijala ya kiwanda cha nguo kandokando ya Lunga Lunga Road kwa miaka mingi, na faili za wafanyakazi nazijua hata kwa harufu. Nitawajibu kutokea huko.

Mama Masijala, salamu. Nina kiwanda kidogo cha mikate Kariobangi Light Industries, wafanyakazi kumi na wanne, zamu mbili. Mwaka huu nimepoteza unga na mafuta mpaka nimechoka. Kijana mmoja wa Luthuli Avenue amenipa bei ya mashine ya alama za vidole na kamera nane, moja ya chumba cha kubadilishia nguo maana naamini mali inapitia huko. Nimeandaa karatasi ya wafanyakazi kutia sahihi kwamba wamekubali. Pia tuna kundi la WhatsApp la kazi, na mtu akiugua hutuma picha ya karatasi ya daktari humo ili tujue nani atamshikia zamu. Binti mmoja ameanza kununa eti mambo yake ya hospitali yamesomwa na kila mtu. Nimeambatisha na fomu yangu ya kuajiri uiangalie. Nina makosa?
*Mwenye Mikate, Kariobangi*

Bwana Mikate, nianze na kamera ya chumba cha nguo kwa sababu hiyo haina mjadala. Iondoe kwenye oda leo. Watu huvua nguo humo. Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, na mtu haachi haki hiyo getini anapoingia kazini. Hata ukimnasa mwizi kwa picha ya chumba hicho, siku ya kesi wewe ndiwe utakayetokwa jasho.

Halafu niambie ukweli: gunia zima la unga linafichwa vipi chini ya fulana? Unga wa gunia hutokea stoo, kupitia mlango wa kupakia, alfajiri, magari ya kusambaza mikate yakiwa yamepanga foleni na msimamizi wa zamu anapiga miayo. Kamera mbili zinatosha, moja mlango wa stoo na nyingine sehemu ya kupakia, pamoja na daftari la stoo linalotiwa sahihi na watu wawili kila gunia linapofunguliwa. Hilo daftari litakuokolea pesa nyingi kuliko kamera zote nane. Ukishafunga kamera, bandika tangazo kwa Kiswahili kinachosomeka: zipo, ni za kulinda mali, picha hukaa siku kadhaa kisha hufutika, mwenye swali amuulize fulani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aambiwe kabla data zake hazijachukuliwa, asije akagundua mwenyewe siku amejikuna mgongo mbele ya kamera.

Na kabla kijana wa Luthuli hajashuka kwenye ngazi, muulize nenosiri ni lipi. Akikutajia moja mpaka sita, libadilishe hapo hapo akiona. Mafundi wengi huacha nenosiri lililotoka na kifaa dukani, na programu ya kutazama kamera inabaki kwenye simu zao. Unaweza kuwa umelala Donholm huku mtu usiyemjua akiwatazama watu wako wakikanda unga.

Tuseme umemwona mtu kwenye picha akibeba. Bado huwezi kumfukuzia getini. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka umwite, umweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha umsikize. Video utaipeleka kwenye kikao hicho kama ushahidi. Nimeona waajiri wenye video safi kabisa wakilipa fidia kwenye mahakama ya kazi ya Milimani kwa sababu waliruka kikao cha nusu saa.

Sasa mashine ya vidole. Najua ile unayoizungumzia, ile inayoshukuru kwa Kiingereza kila ukigusa. Watu wa mikate wana vidole vilivyokwaruzwa na trei za moto na kukaushwa na unga, na asubuhi utakuta foleni ya watu wanaosugua kidole kwenye suruali huku mashine ikiwakataa. Lakini hata kama ingefanya kazi bila tatizo, alama za vidole ni data nyeti kisheria, kama ilivyo hali ya afya, asili ya kabila, mambo ya ndoa na majina ya watoto wa mtu. Kanuni za kulinda data za 2021 zinaiweka kazi ya kukusanya data za mwilini kwenye orodha ya mambo yenye hatari kubwa. Maana yake ni kwamba unapaswa kwanza kuandika tathmini: unazikusanya za nini, hatari ni ipi, umezuiaje. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kulinda Data kinasema ripoti hiyo iwasilishwe siku 60 kabla ya kuanza. Je, una hamu ya kazi yote hiyo kwa ajili ya kujua kama fulani alifika saa kumi na mbili au saa kumi na mbili na robo? Kwa watu kumi na wanne? Nenosiri likiibwa utalibadilisha, lakini kidole cha mtu hakina kingine cha akiba. Ushauri wangu ni kadi za kugusisha, au daftari na msimamizi anayejua sura za watu. Ukishindwa kunieleza kwa maneno mawili kwa nini daftari limekushinda, huhitaji mashine.

Tukiwa hapo kwenye daftari, tazama na lile la geti lako. Najua lilivyo kwa sababu yote ya Nairobi yanafanana: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saa ya kuingia, sahihi, yote kwenye mstari mmoja, na anayefuata kwenye foleni anasoma ya wote waliotangulia. Kuna wasichana wanaotafutwa kwa simu na watu wasiowajua kwa sababu tu walisaini daftari kama hilo. Mfanyakazi wako unamjua tayari, na nambari ya kitambulisho chake imo kwenye faili. Mwachie aandike jina na saa, basi.

Ile karatasi yako ya "nimekubali" ndiyo iliyonichekesha. Mtu ambaye kodi ya nyumba inamngoja Huruma tarehe tano, ukimpa kalamu na kumsimamia, atakataa vipi? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Kulinda Data kinakuachia wewe mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kupima kama ilikuwa ya hiari ni pamoja na kuangalia kama uliifanya sharti la mkataba ambao haukuhitaji data hizo. Kwa mambo mengi ya kazini ridhaa hata huihitaji. Akaunti ya benki unaiomba kwa sababu ya mkataba, kwani usipokuwa nayo hutamlipa. PIN ya KRA (kodi), nambari ya NSSF (pensheni) na ya SHA (bima ya afya) unaziomba kwa sababu sheria inakuamuru umkate na upeleke. Andika sababu halisi, umweleze mfanyakazi, na usimdai sahihi ya kujikinga ambayo haitakukinga.

Karatasi za daktari zinaniuma zaidi, na huyo binti hanuni bure. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa zenye mshahara kamili na saba zenye nusu mshahara kwa mwaka, angalau, akileta cheti cha daktari. Cheti kinakwambia kwamba hawezi kufanya kazi, tangu lini hadi lini. Kwenye kundi la watu kumi na wanne, je, ni lazima mkaanga mandazi ajue mwenzake alitibiwa nini, kliniki gani, na kama ana mimba? Wanachohitaji kujua ni kwamba hayupo mpaka Alhamisi na fulani atamshikia. Kuanzia leo cheti kitumwe kwako au kwa msimamizi mmoja tu, kiwekwe kwenye faili yenye kufuli, na kwenye kundi iandikwe zamu peke yake. Zile picha za zamani zifutwe, na umwombe kila mmoja azifute kwenye simu yake pia, maana WhatsApp huzihifadhi kwenye picha za simu bila kuuliza. Hata waliokwisha kuacha kazi bado wanazo. Kisha mwite binti huyo umwombe radhi ana kwa ana, si kwenye kundi.

Hii si hisani. Akiamua kwenda kwenye Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data, pale Britam Tower, Upper Hill, malalamiko yake yanapaswa kuamuliwa ndani ya siku 90, na Kamishna anaweza kuagiza alipwe fidia. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mauzo yako ya mwaka uliopita, kiasi kitakachokuwa kidogo kati ya hivyo viwili. Akitaka kuona kilichomo kwenye faili yake, mpe ndani ya siku saba bila malipo.

Usiniambie kwamba kwa kuwa unashughulika na chakula ni lazima ujue afya yao yote. Kaunti inakudai vyeti vya afya vya wapishi, na cheti ndicho unachokihifadhi. Majibu ya maabara hayakuhusu. Na ikiwa kuna mtu aliyekushauri upime virusi vya ukimwi kabla ya kuajiri, sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili apewe kazi.

Nimeisoma fomu yako. Naona umeinunua dukani, zile zinazouzwa pamoja na vitabu vya risiti, kwa sababu ina "kabila," "dini," "jina la chifu," "jina la baba na babu," na "idadi ya wake." Bwana, unaoka mkate au unaandika historia ya ukoo? Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira, kikieleza habari za mfanyakazi zinazopaswa kuandikwa kwenye mkataba, kinataja jina, umri, anwani ya kudumu na jinsia, kisha kinaendelea na mambo ya kazi yenyewe: ataanza lini, atafanya nini, wapi, saa ngapi, kwa pesa ngapi. Kabila halimo. Kifungu cha 5 kinakukataza kumbagua mtu kwa kabila, dini au ujauzito, kwa hiyo ukiliandika umejitengenezea tu ushahidi wa kutumiwa dhidi yako. Ongeza mtu wa kupigiwa simu ikitokea ajali, akaunti na zile nambari za makato. Majina ya mke na watoto uyaombe siku unapomwandikisha kwenye bima, kama ipo, siyo siku ya kwanza anapokuja kutafuta kibarua. Fomu za wale mliowakataa, usizirundike chini ya meza mpaka panya wazisome. Weka muda mfupi, kisha zichanwe. Mikataba ya waliokuwa wafanyakazi ni jambo jingine: Sheria ya Ajira inataka uihifadhi miaka mitano baada ya mtu kuondoka.

Mwisho, jisajili kwa Kamishna. Kwa wafanyakazi kumi na wanne umepita kiwango cha kusamehewa usajili; hesabu yake iko kwenye jibu la Wa Rasta hapo chini.

Kwako Mama. Dada aliyekuwa akiniangalizia pacha wangu ameondoka Jumatatu asubuhi bila kuaga, na nashuku ameenda na mkufu wangu. Nina picha ya kitambulisho chake na video ya kamera ya sebuleni. Kuna kundi letu la akina mama lina watu zaidi ya mia tatu, nataka kumtupa humo wenzangu wasije wakamwajiri. Shoga yangu anasema sheria ya data haihusu mambo ya nyumbani. Ni kweli?
*Mama Pacha, South B*

Mama Pacha, pole kwa mkufu na pole zaidi kwa Jumatatu ya watoto wawili bila msaidizi. Lakini weka simu chini kwanza.

Shoga yako ameshika nusu ya maneno. Ni kweli sheria inaziachia shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake tu. Ukipiga picha za watoto wakicheza na dada akaonekana nyuma, hakuna wa kukuuliza. Ila kumwaga uso na nambari ya kitambulisho cha mtu mbele ya watu mia tatu, na wao wakaisambaza Kilimani, Syokimau na Kitengela kabla ya chakula cha mchana, mimi nisingethubutu kuiita shughuli ya nyumbani. Hata ukishinda hoja hiyo, Ibara ya 31 ya Katiba bado ipo, na kesi ya kumharibia mtu jina ipo pia. Umeandika mwenyewe "nashuku." Kwenye kundi hutaandika hivyo, utaandika "mwizi," nakujua, maana ndivyo makundi hayo yanavyoandika.

Kama unaamini ameiba, nenda kituo cha polisi, uandikishe, upewe nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), na video uwape wao. Kama hujaamini hivyo, basi ulichonacho ni mfanyakazi aliyeondoka bila notisi. Dada wa nyumbani ni mfanyakazi kamili mbele ya Sheria ya Ajira. Huenda akawa na deni kwako la notisi, na wewe una deni kwake la siku alizofanya kazi mwezi huu. Lipa siku zake. Najua imekuuma kusoma hivyo.

Wenzako watakupigia simu, mmoja mmoja, kabla ya kumwajiri. Huyo anayepiga mwambie unachokijua kwa hakika: alifanya kazi kwangu tangu lini hadi lini, alikuwa akifanya hiki na hiki, aliondoka bila kuniaga. Sheria haikulazimishi kumsifu mtu. Inachokulazimisha, kwenye kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira, ni cheti cha utumishi kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, na cheti hicho ni cha tarehe na aina ya kazi.

Kisha kwa dada atakayefuata. Kamera ya sebuleni na jikoni mwoneshe siku ya kwanza, kwa kidole, kabla hajaweka begi chini. Chumbani kwake hapana, hata kama watoto hulala humo mchana, walaze pengine. Chukua nakala ya kitambulisho ukitaka, lakini kile chenyewe mrudishie. Kuna mama mmoja aliyeniambia anakifungia kabatini "asije akatoroka," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetarajia kupongezwa. Mwanamke mzima asiye na kitambulisho Nairobi hawezi kwenda hospitali, hawezi kusajili laini, na akikutana na askari wa doria usiku atalala ndani.

Mama, mimi ni afisa wa wafanyakazi katika kampuni moja Upper Hill. Kila wiki napigiwa simu na watu wa programu za mikopo wakiuliza kama fulani bado yuko kazini, analipwa ngapi, na kwa nini halipi. Mmoja alitishia kunitumia "orodha ya wezi wa kampuni yenu." Mkurugenzi anataka nimfute kazi mdaiwa mkubwa kuliko wote. Niwaambie nini?
*Nimechoka na Simu, Upper Hill*

Usiwaambie chochote. Usiseme ndiyo, usiseme siyo, usiseme ameenda chakula cha mchana. Maneno haya yanatosha na unaweza kuyabandika karibu na simu: "Hatutoi habari za wafanyakazi kwa simu. Andika barua, uambatishe idhini ya mhusika." Wengi wao hutawasikia tena.

Benki halali haipigi simu hivyo. Mfanyakazi anayetaka mkopo huja kwako mwenyewe, anaomba barua ya kuthibitisha ajira, unaandika, unampa mkononi na anaipeleka mwenyewe. Mwenye nyumba vivyo hivyo. Wanaodai kwa mujibu wa sheria ni wengine: KRA, NSSF, SHA, mkaguzi wa leba, mahakama. Hao unawapa kile sheria inachowaruhusu na unaandika kwenye faili ulimpa nani nini. Akija mpelelezi, mwombe hati, mkaribishe kiti, mpigie wakili.

Hao wa programu, ujue wanavunja sheria zao wenyewe. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa na kumwaibisha. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu na kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Hifadhi jumbe zao, umpe mfanyakazi akitaka kulalamika.

Mkurugenzi wako mwambie kwa upole kwamba deni la mtu si kosa la kazi. Pesa pia hamwezi kumkata kwa sababu tu mgeni amepiga kelele kwenye simu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kimeorodhesha makato yanayoruhusiwa, na jumla ya makato yote haipaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Jambo moja zaidi: usilitaje kwenye mkutano wa Ijumaa, hata bila jina. Ofisi nzima itajua ni nani kabla chai haijapoa.

Laptopu ya mhasibu wetu imeibwa kwenye matatu jana jioni. Ndani yake kuna mishahara ya watu sitini: majina, vitambulisho, PIN, akaunti, nambari za M-Pesa. Mshirika wangu anasema tukinyamaza hakuna atakayejua.
*Mkurugenzi, Ngara*

Saa zimeanza kuhesabiwa tangu jana jioni mlipojua. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Kulinda Data kinakupa saa 72 kumjulisha Kamishna pale ambapo kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, na nambari za M-Pesa pamoja na vitambulisho vya watu sitini ni hatari ya kweli. Ukichelewa, utalazimika kueleza kwa nini, na "mshirika wangu alisema tunyamaze" ni maelezo mabaya.

Leo polisi, upate OB. Leo hii hii mwombe fundi abadilishe nenosiri la barua pepe ya mhasibu, la benki ya mtandaoni na la mfumo wa mishahara, na umuulize kama diski ya laptopu ilikuwa imefungwa kwa usimbaji (encryption), yaani data hazisomeki bila ufunguo. Kama ndiyo, mzigo wako umepungua sana, kwa sababu sheria haikudai uwaarifu wahusika pale data zilipokuwa zimelindwa hivyo. Kama siyo, waandikie wafanyakazi wote sitini: nini kimepotea, lini, mmefanya nini, na wao wafanye nini. Waambie wawe macho na simu za watu wanaojifanya kampuni ya laini au benki, na laini ikikata mtandao ghafla wakimbilie duka la mtoa huduma siku hiyo hiyo. Watakasirika. Watakasirika mara kumi wakijua baadaye kutoka kwa mwizi.

Mhasibu mpya wa mambo haya usimtafute. Mtafutie huyu huyu njia ya kufanya mishahara bila kuibeba kwenye Thika Road.

Mama, nina saluni Umoja, wasusi wanne. Jamaa ameniomba elfu ishirini na tano anisajili kwa Kamishna wa Data, la sivyo nitafungiwa. Nimetengeneza pia bango jipya la mlangoni lenye picha za wasusi wangu na za wateja. Nimlipe?
*Wa Rasta, Umoja*

Usimlipe. Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi haijalazimishwa kujisajili. Lakini kuna shughuli ambazo msamaha huo hauzigusi hata ziwe ndogo vipi: shule, afya, hoteli, mikopo, usafiri, na, hapa nisikilize vizuri, kamera za ulinzi. Una CCTV saluni? Ukiwa nayo, jisajili mwenyewe kwenye tovuti ya Kamishna. Ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti hukaa miaka miwili, na kukihuisha ni 2,000. Mwenye Mikate, kama mauzo yako ya mwaka hayazidi milioni tano, ada hii ndiyo utakayolipa wewe pia. Na kusamehewa kusajili hakukusamehi sheria yenyewe.

Bango ndilo linalonitia wasiwasi kuliko usajili. Casa Vera, klabu ya hapa Nairobi, ilitozwa shilingi 1,850,000 mwaka 2023 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na mwaka huo huo Roma School ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo kila kichwa kwenye bango hilo kiwe na karatasi yake. Kwa wateja, ujumbe mmoja wa WhatsApp unaosema "ndiyo, tumia picha hii kwenye bango na Instagram" unatosha, ila uuhifadhi. Watoto, muulize mzazi. Wasusi wako, waulize mmoja mmoja, na anayesema hapana aendelee kusuka bila kununiwa. Na akiwepo aliyehamia saluni nyingine, mtoe kabla hujalitundika.